Mlenda Usio na Chumvi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Masele amezikwa leo. Jirani yangu ukuta kwa ukuta, mpinzani wangu wa drafti tangu wote tuna meno. Amekufa akiwa anaongoza. Ndiyo tabia yake.

Sikwenda kuzika. Nimetuma neno kwamba mguu umevimba. Mtaa wetu huku Mirongo una sheria yake: kwenye msiba wanaume hushika koleo kwa zamu, mzee kwa kijana, hata kama ni kutupa udongo kidogo tu. Na udongo wa Mwanza, ukichimba kidogo, unakutana na jiwe. Nikawaza: watu wote wako makaburini, basi soko la Mwaloni kule Kirumba leo halina wa kugombania samaki. Shule niliishia darasa la nne. Akili haikuishia pale.

Nimepata sato mnene. Nimemkaanga kwa chumvi ya kushiba. Daktari wa presha alinikataza chumvi, nami nilimwitikia vizuri sana: ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Kitu kimoja tu. Pale Mwaloni kuna yale madege makubwa yenye vipara, yanayokula matumbo ya samaki. Moja liliacha matumbo likanitazama. Likanitazama tu. Kama mtu aliye kwenye foleni anayeona zamu yake inakaribia.

Jumanne, 2 Septemba

Mambo yamegeuka. Asubuhi nimekaa kibarazani kupokea shikamoo zangu. Mzee haishi kwa uji peke yake. Watoto wa shule wamepita kimya. Winnie, binti wa fundi cherehani, ambaye hunisalimia huku anapiga goti, amepita macho mbele. Nikasema marahaba kabla yake, nimkumbushe. Hakugeuka.

Dukani kwa Venant nikaomba kiberiti. Venant akaendelea kupanga sabuni. Nikaomba tena. Akampimia unga mama aliyesimama nyuma yangu, mkono ukapita kando ya sikio langu kana kwamba pale hakuna sikio.

Nikamkuta Mashimba, balozi wetu wa nyumba kumi, amesimama na watu njiani. Nilipofika wakanyamaza. Wakatazama mahali niliposimama kama unavyotazama kiti kilichoachwa wazi.

Mchana nikakuta bakuli mlangoni. La bati, jeupe, lina ua la buluu, limefunikwa. Ndani ugali na mlenda. Aliyeleta sikumwona. Mlenda hauna chumvi hata ya dawa. Nimekula hivyo hivyo, sahani ya bure haina kasoro.

Marehemu mke wangu, Sabina, alikuwa na bakuli kama hilo. Tulilifunika juu ya kaburi lake kule Usagara, ndivyo kwao wanavyofanya. Lakini bakuli za aina hiyo sokoni zimejaa. Nimeosha, nimelianika nje. Niliporudi halikuwepo.

Jumatano, 3 Septemba

Chakula kingine mlangoni, leo kwenye bakuli la plastiki. Mlenda tena. Chumvi hakuna tena.

Nimemkumbuka bibi yangu. Alipokuwa akiwapelekea wahenga chakula chao kule shambani hakutia chumvi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema wafu hawali chumvi, chumvi ni ya wanaotoka jasho.

Nimeacha kula katikati.

Jioni wadudu wa ziwani wameinuka kama moshi, wakaja mpaka mtaani. Kila mtu kajifunika mdomo kwa kitenge, kwa shati, kwa kiganja. Mimi nilisimama wazi katikati ya njia. Hata mmoja hakutua kwangu.

Nikaenda kwa Venant kufanya jaribio. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba mizani yake itamtangulia motoni. Hata kope haikutikisika. Namfahamu Venant. Hakuna Venant aliye hai, mbele ya mtu aliye hai, anayeweza kulimeza neno hilo.

Alhamisi, 4 Septemba

Ujumbe kwenye simu, kutoka kwa binti yangu Gladness aliyeolewa Musoma. Mtoto wake ni wa kiume na ameshapata jina. Ndalahwa. Anamleta Jumapili hapa kwangu ili majirani wampokee, kama alivyopokelewa yeye.

Ndalahwa ni mimi. Na katika ukoo wetu mtoto hapewi jina la anayepumua. Jina husubiri mwenyewe aliache.

Basi. Nimekufa. Nadhani ni Jumatatu, mwiba wa sato. Kinachoniuma ni kwamba hata hapo Masele amenitangulia.

Nimekaa na jambo hili, halafu nikaanza kuliona vizuri. Aliyekufa haonekani. Asiyeonekana hazuiwi. Nimeingia kwa Venant, nimefunua beseni, nimechukua andazi. Kimya. Nikachukua la pili nikimtazama usoni. Shavu lake lilicheza kidogo, lakini kimya. Nikala palepale mlangoni. Kwa nini hakuna aliyewahi kurudi kutuambia faida za huku?

Kesho nitaingia kwa Masele, nisikilize wanavyonisema.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeingia kwa Masele bila hodi. Sebule tupu, waombolezaji wako uani. Drafti iko mezani, vizibo vya soda vimebaki kama tulivyoviacha, yeye anaongoza. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikasogeza kizibo kimoja, kwa faida yangu.

Tereza, mjane wake, akatokea na bakuli la plastiki mkononi. Akanitazama machoni.

Akasema, "Shemeji, kirudishe."

Nikamuuliza kama ananiona. Akajibu kwamba ananiona miaka yote, na hakuomba.

Nikamwambia kwamba mimi nimekufa. Tereza, mwanamke aliyezika juzi, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia kidogo, kisha akakaa. Akanieleza. Fundi cherehani, aliyetumwa kununua samaki wa msiba, aliniona Mwaloni nimekumbatia wangu wakati mtaa unazika. Mashimba akaita kikao. Wakakubaliana: asiyezika majirani, majirani hawamwoni. Asisalimiwe, asiuziwe, asipewe hata moto. Na Jumapili hakuna atakayevuka kizingiti changu kumpokea mtoto. Gladness atamfunua mwanawe mbele ya viti vitupu.

Hapo mguu ukaniuma kweli.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona yeye ananilisha. Akasema aliomba ruhusa ya Mashimba. Mfiwa hakatazwi. "Masele alisumbuka na wewe miaka yote. Usimfuate upesi hivi, mwache apumzike kwanza."

Na chumvi? Akasema si nilikuwa naongozana na Masele kliniki ya presha. Masele alimwambia kila kitu, hata ile ndiyo daktari yangu.

Na jina? Akasema Gladness alimpigia simu kumuuliza. Desturi anaijua, lakini hakutaka kusubiri. Alitaka baba yake alisikie jina lake likiitwa, badala ya watu kuja kulililia.

Pale sebuleni kulikuwa na moshi mwingi wa kuni. Macho yalinitoka maji.

Nikamshukuru kwa mlenda wa siku zote, kuanzia ule wa Jumanne. Akaniambia Jumanne hakupika. Alikuwa ndani, amefungiwa na wanawake wenzake, jikoni hakukanyaga mpaka Jumatano. Nikasema bakuli la bati, lenye ua la buluu. Akasema bakuli la bati hana.

Nikakirudisha kizibo.

Jumamosi, 6 Septemba

Tereza amenipeleka mbele ya Mashimba na watu wa mtaa, waliokusanyika kibarazani kwake. Ni yeye tu anayeweza kuniombea, na ameniombea. Amesema msiba ni wake na hataki kuuongezea mtu mwingine aliyekufa, hasa anayekula maandazi.

Mashimba akataka mbuzi wa kula pamoja, na kiapo: msiba utakaofuata nitakuwa wa kwanza kushika koleo. Mbuzi nimemtoa. Kiapo wakataka niape kwa kitu ninachokiogopa. Nikaapa kwa kaburi la Sabina. Watu wakaitikia.

Upepo wa ziwani ukaingia, mlango wangu pale jirani ukajifunga wenyewe. Upepo tu.

Jumapili, 7 Septemba

Nyumba imejaa. Watu wamekaa mpaka kwenye ndoo zilizopinduliwa. Gladness amemfunua Ndalahwa mdogo, kila mwanamke kamtemea mate ya baraka, kila mwanaume kamwambia maneno mawili matatu ya ulimwengu. Jina langu limeitwa mara nyingi kuliko nilivyowahi kuitwa, na safari hii bila matusi. Winnie kapiga goti. Nimepokea shikamoo za wiki nzima, na malimbikizo.

Venant kaleta maandazi. Akasema ni ya mzimu, asije akayafuata mwenyewe.

Tereza alikaa karibu na mtoto. Nimemwambia kwamba mimi ni mtu mpya. Akasema ataona.

Jumanne, 9 Septemba

Mzee Chenge wa nyumba ya kona amefariki. Atazikwa kesho kwao, Usagara. Makaburi yaleyale ya Sabina. Kule jiwe liko juu juu, unaligonga hata kwa kijiko.

Mguu umeanza kuvuta tangu nisikie habari. Safari hii ni kweli, au karibu na kweli. Na safari hii sitaonekana Kirumba, nimejifunza. Nitakaa ndani, nimejifunika blanketi, nanukia dawa ya kuchua.

Mchana nimefungua mlango. Bakuli la bati, jeupe, ua la buluu. Limefunikwa kifudifudi, vilevile tulivyolifunika juu ya kaburi la Sabina. Mlangoni hapana unyayo.

Nimelifunua kwa ncha ya bakora. Hamna mlenda. Udongo, mwekundu wa Usagara, mbichi, wa baridi, kama umetolewa chini sasa hivi.

Nimeutafakari sana. Maana yake ni moja tu: kuna mtu ameshaanza kuchimba. Mikono iko ya kutosha.

Nimetuma neno kwa Mashimba kwamba mguu umevimba.