Fundi Bomba na Bomba Lake

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki. Daktari ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Kanichorea utumbo wangu mpana kwenye karatasi. Mchoro mbaya! Kona kali, hakuna hata tundu la ukaguzi. Nikamwambia nina miaka thelathini na moja katika ufundi bomba, mfumo wa namna hiyo nisingeupitisha. Hakucheka.

Habari yenyewe ni hii. Miezi mitatu iliyopita damu haikufika vizuri kwenye kipande cha utumbo, upande wa kushoto. Ndiyo sababu ya yale maumivu, ile damu chooni, na zile siku sita wodini nilizowaambia wateja kuwa nimesafiri. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kipande kilipopona kiliacha kovu, kovu linajikunja, na njia inazidi kuwa nyembamba. Ndiyo maana tumbo linajaa na kunikata, na kinachotoka hakizidi unene wa penseli. Anataka kuingiza kamera Ijumaa asubuhi aone. Njia ikiziba kabisa watakata kipande, na huenda nikabaki kufanya haja kwenye mfuko uliobandikwa tumboni.

Nikamwambia siogopi. (Naogopa. Lakini shajara hii inakaa chini ya sanduku la spana na hakuna anayeisoma.)

Kaniuliza kuhusu sigara. Nikasema mbili kwa siku. Mke wangu akakohoa. Kaniuliza kuhusu maji. Nikasema ya kutosha. Akakohoa tena. Mke wangu haumwi kifua. Anatoa ushahidi.

Jumanne, 4 Machi

Mke kanipa chupa ya lita mbili. Kaichora mistari na saa: saa nne ifike hapa, saa sita hapa. Hajui kazi! Fundi bomba hanywi maji kazini. Choo cha nyumba umekifungua mwenyewe, vipande viko sakafuni, ukibanwa utakwenda wapi? Miaka thelathini na moja nimekausha koo na sijaaibika. Daktari anadai mwili mkavu ni mmoja wa wachawi wa ugonjwa huu. Sawa. Yeye ana choo mlango wa pili.

Maji nimemwagilia maua ya mteja, mstari kwa mstari, kwa saa zilizoandikwa. Mteja kanishukuru. Sigara nazo ziko ndani ya kona ya bomba ya inchi mbili, kwenye sanduku. Hakuna mke anayechungulia kona ya inchi mbili.

Jioni, pigo. Msimamizi wa bweni la chuo anachagua fundi wa kubadilisha mabomba ya ghorofa zote nne. Lini? Ijumaa asubuhi! Na Koki kaitwa pia. Koki nilimfundisha mwenyewe kushika spana. Leo ana kitambi na gari lililoandikwa jina lake. Alinikuta duka la vifaa akanipa pole ya ugonjwa mbele ya watu. Nikamwambia mimi mzima kama chuma. Akanipa pole tena.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Bomba lililobana halikatwi, linasukumwa kwa presha. Asubuhi nimekula papai zima na mabakuli mawili ya pumba za ngano. Daktari alisema chakula laini, kidogo kidogo. Daktari hajawahi kuzibua choo cha watu themanini.

Saa nane mchana, bafuni kwa mwalimu mstaafu. Presha ilipanda kweli. Mbele kukagoma. Nililala sakafuni nimekumbatia tangi la choo, jasho linanitiririka, nimeng'ata kitambaa. Mwalimu akachungulia, akauliza kama nasikiliza panapovuja. Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda kuzima redio ili nisikie vizuri, akanyata kwa vidole dakika arobaini nzima. Mteja mstaarabu sana. Bomba lake bado linavuja.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya dawa ya kusafisha tumbo. Unga unakorogwa kwenye lita nne za maji, unakunywa glasi baada ya glasi kuanzia mchana, ili kesho kamera ipate kuona njia. Nikiinywa sitabanduka chooni, na bweni litakwenda kwa Koki.

Mpango nambari mbili, mzuri kuliko wa kwanza. Dawa nimeikoroga mbele ya mke wangu. Alipotoka kuanika nguo nikaimimina kwenye dumu tupu kule karakana, na kwenye jagi nikatia maji, chumvi na ndimu. Nikanywa nimekunja uso. Mke kanishika bega, kasema pole baba, najua ni mbaya, vumilia. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu. Kisha nikamwambia kipimo kimesogezwa hadi saa nane. Saa tatu niko bwenini, saa nane naonekana sikujiandaa, napewa tarehe nyingine. Safi!

Jioni nilikuwa nimejifungia chooni nikigumia kwa sauti, kazi ya sanaa kabisa, Koki akaja kunijulia hali. Mke alimkaribisha juisi ya ndimu. Bomba la jikoni kwetu limekufa tangu mwaka jana (nitalitengeneza nikipata nafasi), kwa hiyo alichota maji kwenye madumu ya karakana. Koki kanywa glasi tatu, kaisifu sana. Mtu akikuta cha bure!

Jumamosi, 8 Machi

Wodini. Naandika nyuma ya karatasi ya chakula cha wagonjwa.

Jana saa tatu nilifika bwenini. Koki hayupo! Msimamizi kampigia simu mara nne, hapokei. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba mafundi wa siku hizi hawajali muda wa watu. Msimamizi akakubali. Akaniomba tupande tukaone matangi juu.

Ghorofa ya tatu, papai la Jumatano likajibu. Tumbo likawa gumu kama ubao, nikatapika kwenye ngazi, nikaanguka. Wanafunzi walinishusha wamenilaza juu ya mlango wa choo uliong'oka. Hata bawaba zake zilikuwa zimeoza, nilizihesabu njiani.

Chumba cha dharura, kitanda kilicho kando yangu: Koki! Ana dripu mkononi, midomo imekauka. Kaharisha tangu juzi jioni. Mke wangu akaingia, akamtazama Koki, akanitazama mimi, akauliza lile dumu lilikuwa na nini. Nikafumba macho. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Daktari kasema utumbo wa Koki ni msafi kabisa, ungefaa kwa kamera. Wangu umejaa papai.

Nilingoja mke apige kelele. Hakupiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye hataki kuitwa mjane kwa ajili ya papai. Kisha akalia. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sijamwona akilia mbele ya wageni. Nikaapa yote: maji, sigara, kamera. Nikalia pia. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 11 Machi

Kamera imepita, kwa taabu. Penye kovu njia ilikuwa imebaki upana wa penseli. Wameingiza puto dogo, wakalijaza, wakapanua.

Puto! Presha! Nilikuwa sahihi tangu Jumatano! Nimemwambia Daktari. Kavua miwani, kajikanda macho, kasema kati ya puto na papai kuna miaka mingi ya shule. Kovu linaweza kubana tena. Kipimo kingine Aprili 22. Nikilikoroga safari hii ni kisu na mfuko. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini mke kakohoa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kazi ya bweni kaipata Koki. Kaniomba nisimamie kazi, nikae kwenye kiti, ninywe maji. Kanisamehe kabisa. Dharau iliyoje! Na Jumapili alikuja na spana zake akatengeneza bomba la jikoni kwetu. Dakika kumi. Mke alimpigia makofi.

Chupa ya mistari naibeba kila siku. Lakini vyoo vya bweni vimefunguliwa vyote, ghorofa nne, nikibanwa niende wapi? Maua ya pale uwanjani yamestawi ajabu. Tumbo limeanza kujaa tena. Upepo tu. Nikivuta moja linatulia.

Leo tarehe ya kujaza matangi imetangazwa. Aprili 22! Siwezi kumwachia Koki matangi. Hawezi.

Mke anadai sijajifunza. Si kweli. Nimekaa peke yangu, nimelitafuta kosa langu kwa uaminifu wote, nimeliona. Dumu halikuwa na lebo. Kesho nanunua kalamu ya wino usiofutika.