Panga la Baba Mkwe na Kamba ya Mbuzi

Jamani, leo nimeaibika ukweni, na mpaka sasa sielewi nimeaibikaje.

Asubuhi nilifika Songwa, kwa wazazi wa mchumba wangu Kabula. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuangaliwa: nafaa kuoa, au nirudi kwetu Chato nikaendelee kujipikia. Pembeni ya zizi kulikuwa na mbuzi dume amefungwa. Kabula akaninong'oneza, "Yule ni wako. Baba akikukubali, anachinjwa." (Nikaanza kuwaza supu. Ndivyo nilivyo.)

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia kwenu ni migomba tu. Panga unalijua?"

"Panga, baba? Nimezaliwa nalo!" (Huu mdomo wangu!)

Basi akasema nimsaidie kupunguza uzio wa minyaa, akanipa panga lake. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. La kwetu limenyooka, jembamba, jepesi. Hili limepinda, mbele limetanuka, lina tumbo kama mtu aliyetoka harusini. Limefuliwa kwa springi ya lori. Ili nionekane fundi, nikalilaza juu ya kidole kupima uzito, karibu na mpini, pale pale ninapopimia la kwetu. Likapiga mbizi. Likaniangukia mguuni, bahati nzuri kwa ubapa. Nikarudia. Likaanguka tena, safari hii likajipindua ubavu. Ubavu kwa nini? Hakuna aliyeligusa!

Baba mkwe akanihurumia. "Uzito wake uko mbele, kwenye hilo tumbo. Usilisukume, lenyewe linakwenda. Na kwa vile limepinda, ukilegea tu linajigeuza."

"Nimeelewa, baba." (Sikuelewa chochote.)

Nikainua. Nikapiga kwa nguvu zote, kama ninavyopiga mgomba. Jamani! Panga likatangulia, mkono ukalifuata, mimi nikaufuata mkono. Mnyaa ulikatika kama hakuna kitu, na nguvu zangu zilizobaki hazikuwa na pa kwenda. Nikazunguka. Kiganja kikalegea, panga likajigeuza, likachomoka, likaruka upande ambao hata sikuwa nimeuelekea. Upande ule hakukuwa na mtu, namshukuru Mungu. Kulikuwa na kamba ya mbuzi. Uwanja wote ule, likaenda kukata kamba ya mbuzi!

Mbuzi alisimama kwanza, naye haelewi. Halafu akatoka mbio. Nikamkimbiza bila kufikiri. Akaingia mlango wa kwanza aliouona, nami nyuma yake.

Kumbe ni jikoni. Mama mkwe anasonga ugali.

Kwa wasiojua mambo yetu Wasukuma: mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata kumtazama usoni haifai, unamwamkia kwa mbali. Mimi nilikuwa nimebakiza kidogo nimkanyage.

"Mayooo!" akapiga kelele, akajifunika kanga kichwa kizima, mwiko bado uko mkononi. Na mimi, badala ya kutoka, nikapiga magoti: "Shikamoo mama. Umemwona mbuzi?"

Mbuzi alishatokea mlango wa nyuma. Sufuria la ugali lilikuwa limepinduka.

Mchana tumekula michembe, vile viazi vikavu, na maharage. Kabula aliinamia sahani yake, mabega yanatetemeka. Sijui alikuwa analia au anacheka, na niliogopa kuuliza.

Wakati wa kuaga ukafika. Baba mkwe akachukua panga lake, akalificha ndani. Nikajua basi, nimemkosa Kabula. Mara sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni:

"Mwambieni mkwe aje tena Jumamosi, mbuzi atakuwa amesharudi. Yeye alete kamba. Panga atashika mtu mwingine."

Kaniita mkwe, mmesikia? Sasa nipo stendi natafuta kamba. Atakayecheka hanywi supu.