Vita vya Masharubu na Gesi Tatu

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri chungu kiive! Simu ziacheni zilie zenyewe. Nawe ulimi wangu, uliobakiwa na majirani wachache humu mdomoni, usiniangushe leo. Nataka kusimulia jinsi mkwe wangu, fundi wa kuchomelea, Simba wa Cheche, Baba wa Mageti Yasiyofungika, alivyoingia vitani Jumapili moja baada ya chai, na kilichowekwa rehani ni masharubu yake.

Masharubu hayo yalikuwa mapana kama ufagio mpya. Mlangoni yaliingia kwanza, mwenyewe akafuata. Alipokunywa chai, nusu yaliinywa yenyewe. Binti yangu ameyavumilia tangu harusi. Mimi sikuyavumilia hata siku moja, ila mkwe ni mkwe, nikameza mate.

Basi mjukuu wangu, msichana wa sekondari, alikuwa mezani akikuna kichwa juu ya kitabu cha kemia. Baba yake akachungulia, akaangua kicheko cha chuma.

"Gesi? Mimi naamka na gesi, nalala na gesi! Lete hapa, mwanangu, ukapumzike."

"Na ukikosa, Baba?"

"Nikikosa, nyoeni haya!"

Lo! Neno likitoka halirudi. Binti yangu akainuka kwenda kutafuta wembe. Nami, kwa upendo wa mama, nikabandika maji ya moto.

Swali likasomwa kama tangazo la vita: moli mbili za heliamu, moli moja ya oksijeni, nusu moli ya asetilini. Tafuta idadi ya atomu katika kila moja, kisha ulinganishe.

"Asetilini ndiyo nyingi!" akanguruma shujaa. "Mtungi wake uliwahi kunivunja mgongo."

"Baba, atomu hazihesabiwi kwa mgongo. Moli ni kama dazeni. Dazeni ya mayai, dazeni ya vifungo, zote kumi na mbili. Sasa moli moja ni chembe sita nukta sifuri mbili, mara kumi kipeo cha ishirini na tatu."

"Mbona mkia mrefu hivyo?"

"Chembe ni ndogo, Baba."

Hapo Simba wa Cheche, ambaye kalamu humponyoka kama samaki, alichomoa sikioni chaki yake ya kuchorea chuma, akapiga magoti kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi ile, akaanza kuchora. Heliamu hutembea peke yake kama kapera: moli mbili, basi kumi na mbili nukta sifuri nne, na mkia wake. Oksijeni moli moja: sita nukta sifuri mbili. Akajipangusa jasho, akarudia kukitazama kitabu, akakwangua ukurasa kwa ukucha.

"Hiki kidoa chini ya O ni cheche iliyoruka?"

"Ni mbili, Baba. Oksijeni hutembea wawili wawili."

"Kumbe mume na mke!" Akafuta, akazidisha mara mbili. Kumi na mbili nukta sifuri nne. Akaishukia asetilini: kaboni mbili, haidrojeni mbili, jumla nne, nusu ya nne ni mbili. Kumi na mbili nukta sifuri nne!

Gesi tatu, jibu moja.

"Baba watoto," akasema binti yangu, akimpaka povu la sabuni puani hadi kidevuni, "umejinakili mwenyewe."

Nikaona nafasi yangu. "Mkwe wangu, mwalimu gani atauliza swali la kijinga namna hiyo? Badilisha hata moja, mwanangu, ujiokoe."

Chaki ikaisogelea oksijeni. Wembe ukameta. Kisha akainua kichwa chenye povu, akanena:

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini chuma nikikipima mara tatu kikaja kilekile, sikikati mahali pengine kwa sababu ya maneno ya watu. Zote ni sawa! Nyoeni mkitaka. Namba haitoki hapo!"

Mjukuu akafunua kurasa za mwisho, penye majibu. Akasoma. Akasoma tena. Akapanda juu ya kiti.

"Zote sawa! Baba, zote sawa!"

Ukasikia mlipuko! Fundi aliruka, povu likaruka, binti yangu akacheka hadi wembe ukamponyoka, na mtoto akamkumbatia baba yake shingoni, akaondoka na nusu ya sabuni shavuni.

Na iandikwe, wajukuu wa wajukuu waisome: siku ile heliamu, oksijeni na asetilini zilisalimu amri kwa mpigo mmoja, juu ya sakafu yangu, na masharubu yakatoka vitani bila unywele kupotea. Michoro ile ya chaki bado ipo. Mwenye ufagio huizunguka, na mgeni huiruka.

Yale maji ya moto niliyaoga mwenyewe. Nisingeyaacha yapoe bure.