Kuku na Kicheche Kitanda Kimoja

Kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza,

Salamu za heshima. Mimi ni mama wa yule binti anayekaa dawati la mbele, asiye na meno mawili. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea uniwie radhi, lakini hili siwezi kulinyamazia.

Mlimpa aje nacho nyumbani kitabu cha picha cha kuku na kicheche. Wanalala kitanda kimoja, wanajifunika shuka moja. Mnasema ni somo la urafiki na kupokea walio tofauti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi nafuga kuku. Jumanne binti yangu aliacha banda wazi akaweka na mto mlangoni, mgeni asikose pa kulala. Kicheche alikuja. Mto hakuutumia. Matetea wawili hawapo, na mtoto anasema wamealikwa.

2. Mjomba wake alituletea mchumba tumwone. Mtoto akamvua mjomba kofia, akampapasa kipara, akamwambia asijali, kila mtu na umbo lake, tunampenda hivyo hivyo. Mchumba alikuwa hajawahi kumwona bila kofia.

3. Alichora watu wa nyumbani. Kicheche ni mimi. Nilimuuliza kwa upole kwa nini, akasema jirani akipita huwa natoa meno. Mwalimu, nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

4. Huyo jirani ni fundi cherehani. Miaka mitatu hatusemeshani, tangu aanue nguo zangu mbichi ili aanike zake. Tulishazoea, kila mtu na upande wake wa ukuta, raha mustarehe. Alhamisi mtoto akamshika mkono, akamketisha kwenye kiti changu, akatufungulia kitabu, yeye katikati. Ikabidi nitoe chai. Alikunywa vikombe viwili bila haya, mwanamke mwenye roho ngumu kama soli ya kiatu.

Sasa nauliza, leo fundi, kesho nani? Mwanangu ni huyo mmoja tu, na anamfungulia mlango kila anayebisha. Akikutana na kicheche wa kweli mimi sipo, itakuwaje? Naomba mrudishe vitabu ambamo kicheche anakula kuku, mtoto ajue mapema.

Nisalimie mwalimu mkuu, mlinzi wa getini, na mpishi ambaye mtoto anamsifu kuliko mimi.

Ni mimi mzazi mwenye wasiwasi,
Mama yake

Nyongeza: Mwandiko huu mzuri si wangu. Fundi cherehani alikuja kuazima chumvi, akanikuta nimekwama kwenye namba ya kwanza, akaninyang'anya kalamu. Kaandika yote kama nilivyosema. Kwenye soli ya kiatu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akataka tuongeze kwamba zile nguo zilishakauka. Hazikuwa zimekauka. Kitabu tunaomba kibaki wiki moja zaidi, ukurasa wa tano bado tunabishana. Na mkiwa na kingine cha namna hiyo, mpeni mtoto aje nacho.