Jiwe la Mfalme Malishoni kwa Tugwell

Jumatano, 3 Aprili
Leo nimeongoza watembezi kumi na mmoja, maili nne, mwendo wa konokono, chai ya chupa, mikate ya yai. Mkoa mzima wa Shropshire hakuna kiongozi kama mimi. Ila Thelma, mmoja wa watembezi wangu, kaniharibia siku. Anasema majivu ya marehemu mumewe, Wilfred, atayamwaga Jumatano ijayo kwenye Jiwe la Mfalme. Wilfred alilipenda kuliko kanisa.

Hata kula nimeshindwa. Jiwe lile halina mfalme. Tulilisimika kwa saruji mimi na mzee Tugwell, mwenye malisho, mwaka sabini na nne, ng'ombe wake wapate pa kujikuna. Mfalme nilimtunga mwenyewe siku moja ya mvua, watu wamenuna.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimemwambia Thelma kilimani kuna upepo mzuri zaidi. Akasema upepo Wilfred alikuwa nao wa kutosha tumboni akiwa hai. Desmond, mstaafu wa posta anayening'iniza ramani shingoni kama kengele ya mbuzi, akadakia kwamba jiwe lenyewe kwenye ramani halimo. Nikamwambia hata akili yake haimo, na tunamvumilia.

Jumatano, 10 Aprili
Mpango: niwapoteze njia. Nikakata kushoto, tukazama matopeni hadi magotini, Thelma kakumbatia kopo la majivu kama mtoto mchanga. Desmond akafungua ramani, akalitafuta shamba la Tugwell, akatutoa hadi jiweni. Ng'ombe yupo, anajikuna makalio, macho kafumba kwa raha.

Thelma akaanza kulia. Nikashindwa. Nikavua kofia, nikasema yote mbele ya watu.

Akafuta pua. Akasema, "Len, mjinga wewe. Saruji ya kusimikia hilo jiwe Tugwell aliinunua dukani kwa Wilfred. Mume wangu alikuwa anakuja kukusikiliza unavyodanganya, halafu anacheka njia nzima hadi nyumbani."

Akayamwaga.

Miaka ishirini nimemwona Wilfred nyuma ya mstari wa watembezi, anatikisa kichwa tu. Sikuwahi kumnunulia hata bia moja. Inaniuma. Nimeapa: uongo basi.

Jumatano, 17 Aprili
Mgeni wa Birmingham kauliza mbona jiwe limeng'aa hivi. Nikakikumbuka kiapo, nikakisogeza pembeni kidogo. Nikasema hapa kalala mfalme mpole, hakuwa msemaji, alitikisa kichwa tu. Wilfred wa Kwanza. Ng'ombe wa bonde zima huja kumpa heshima.

Desmond akaliandika jiwe kwenye ramani yake.

Thelma akapaza sauti kutoka nyuma, eti alikuwa na wake saba.

Nikamjibu hapana, mama, mmoja tu, na alimwogopa.