Kandambili ya Marehemu Yeremia Si Taka

Kijiji cha Ujamaa Kwemlungu,
Wilaya ya Lushoto.
20 Mei 1974

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wananchi ya Utafiti wa Taka za Ufukweni,
Kisiwa cha Kigombo.

Ndugu Mwenyekiti,

Huku milimani hatujambo, ila baridi na ukungu. Barua yenu ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mnasema wananchi wa kisiwani mnaokota kila kitu kinachotupwa na bahari, mnakiandika, na mnatafuta kilikotoka. Ni kazi nzuri. Halafu mkasema mmeokota kandambili ya mguu wa kulia, kamba yake imefungwa kwa waya, na chini imechomwa kwa msumari maneno YEREMIA KWEMLUNGU LUSHOTO. Mmeiandika "taka kutoka milimani", na mnataka kijiji chetu kijikosoe.

Yeremia alikuwa mume wangu. Alifariki mwaka jana, baada ya Pasaka. Kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Kandambili ile si taka. Taka ni kitu ambacho mwenyewe hakitaki, na yeye aliitaka mpaka mwisho. Ilichukuliwa na mto wakati wa masika, alipokuwa akivuka kutoka shamba la pamoja. Aliikimbiza ukingoni huku akiiita kama mtu anayeita mbuzi, akarudi nyumbani na ya kushoto tu. Nilipotaka kuitupa alisema, "We Rahabu, iache! Mwenzake akirudi atamkuta nani?" Akaiweka chini ya kitanda. Ipo hadi leo.

2. Mnauliza kwa nini tunaandika majina kwenye vitu tunavyovitupa. Hatuandiki ili tutupe. Hapa watu huvua viatu mlangoni pa ofisi ya kijiji, na mkutano ukiisha, anayetangulia kutoka huondoka na vilivyo vizuri. Mume wangu alikubali shamba liwe letu sote, na jembe pia, hata ng'ombe wake mweupe alimtoa kwa moyo. Kwenye kandambili alikataa. Mwenyekiti wetu alimtania mbele ya watu, "Ndugu Yeremia, Ujamaa wako umeishia kwenye kifundo cha mguu!" Akajibu, "Ndiyo, ndugu. Kutoka hapo kwenda juu, chukueni."

3. Mnasema tunatupa vitu mtoni tukijua mto unakwenda baharini. Hatukujua. Tulijua unashuka hadi Mnazi, kule tambarare, na watu wa Mnazi wanautumia kumwagilia mashamba. Baada ya Mnazi hakuna aliyeufuata. Sasa, kwa sababu ya barua yenu, katibu wetu Ndugu Timotheo amepiga marufuku kuvuka mto mtu akiwa amevaa viatu. Watu wazima wanavuka wamebeba viatu kichwani, na kila anayekanyaga mwiba ananitazama mimi.

4. Kama ni kulaumiana, na sisi tunalo letu. Mwalimu Imelda anawafundisha watoto kwamba mvua hutoka baharini. Basi mvua iliyobomoa daraja letu ilitoka kwenu. Daraja lingekuwepo, mume wangu asingepita majini, na kandambili isingefika huko. Ninyi ndio mlioanza. Hata hivyo hatujaikusanya mvua yenu tukawaandikia barua.

5. Mume wangu hakuwahi kufika baharini. Alipokuwa kibarua wa chai kule Amani, asubuhi moja aliona mstari mweupe mbali sana, akasema ni bahari. Wenzake wakamcheka, "Ukungu huo, Mshambaa wewe!" Alibishana nao mpaka akazeeka. Kila mwaka alisema tukishavuna mahindi tutakwenda Tanga, na kila mwaka tulikuwa na la kufanya. Sasa kandambili yake imefika peke yake. Serikali inasema kila mwananchi anayehamia kijijini apokewe, aandikishwe na apewe kiwanja. Huyu aliyefika kwenu na jina lake kamili mmemtupa kwenye fungu la chupa na makopo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mumfute kwenye taka. Na mnirudishie kandambili ile. Mpeni dereva yeyote wa basi, nami nitashuka mwenyewe hadi Mazinde kuipokea, niiweke chini ya kitanda pamoja na mwenzake kama alivyotaka. Kijiji chetu hakina haja ya kujikosoa, maana hapa Kwemlungu hakuna mtu anayetupa kitu mtoni.

Nisalimieni wanakamati wote, na hasa yule aliyeinama akaiokota. Wazee wa kisiwani nawapa shikamoo zao.

Wenu katika kujenga taifa,
Rahabu, mjane wa Yeremia

Baada ya kuandika: Nimeitoa ile ya kushoto ili niwaandikie vipimo vyake, msije mkanitumia ya mtu mwingine. Nimeishika muda mrefu. Ina vumbi, na kamba imekakamaa, wakati mwenzake yuko ufukweni. Nimeona ni afadhali huyu amfuate yule. Basi nimeshuka mtoni, maji bado ni mengi, nikaiachia. Ilisita kidogo kwenye jiwe, kisha ikaenda. Kwa hiyo msinirudishie kitu. Ikifika iandikeni: taka, kutoka milimani, imetupwa kwa makusudi na mke wake. Ndugu Timotheo asiambiwe. Ziwekeni pamoja mahali zinapoyaona maji, na mtukumbuke.