Koili ya Mjomba

Julai ya Arusha haina huruma na mtu aliyepanga. Mwenye nyumba akishikwa na baridi huongeza blanketi na kulaumu hali ya hewa. Mpangaji akishikwa na baridi hiyo hiyo humlaumu mwenye nyumba.

Loishiye aliupenda sana mwezi huo. Asubuhi moja alikuwa kwenye kibanda cha chai Kimandolu, chapati mkononi, mlima Meru umejificha kwenye ukungu, na macho yake yakipita juu ya kuta za majirani kama ya mtu aliyepotelewa na kuku. Hakuwa na kuku. Alikuwa anatafuta moshi. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: nyumba yenye paa la vigae, madirisha ya alumini na bafu la ndani, halafu mtu anachemsha maji uani kwa mkaa, basi humo pana hita iliyokufa. Na palipo na hita iliyokufa pana mpangaji aliyechoka kupiga simu.

Moshi akauona. Chini yake alikuwepo bibi mmoja amejifunga shuka nyekundu, ameinamia sufuria kubwa, na mwanamume wa makamo aliyeibeba ndoo ya maji ya moto kwa heshima ambayo watu humwekea askofu. Loishiye alimaliza chapati, akavaa ovaroli yake ya bluu iliyoandikwa INJINIA mgongoni, akagonga geti.

"Hodi wenyewe. Nimetumwa."

Neno hilo lilikuwa nusu ya mtaji wake. Hakuwahi kusema ametumwa na nani, wala hakuwahi kuulizwa. Nyumba ya kupanga daima ina mtu anayesubiri kutumiwa fundi, na masikio yake humalizia sentensi yenyewe.

"Hatimaye Mzee Nathanaeli ametukumbuka," alisema yule mwenye ndoo. Aliitwa Sumari, muuza simu, kapera, mpangaji wa upande wa kushoto. "Ingia, injinia. Ingia kabla hujabadilisha mawazo."

Nusu ya pili ya mtaji ilikuwa ndani ya begi, imeviringishwa kwenye fulana. Ilikuwa koili ya hita, nzima, ya shaba, na Loishiye aliiita Profesa kwa sababu ilikuwa inafundisha kila mahali na haikai popote. Utaratibu ulikuwa huu: Profesa anafungwa kwenye hita ya watu, maji yanachemka, watu wanashangilia, wanalipa. Siku chache baadaye Loishiye anarudi kufanya "sevisi", anamtoa Profesa, anaacha koili iliyoungua, na Profesa anahamia mtaa mwingine. Hita ikizima tena, hiyo ni shida ya umeme wa Tanesco au ya maji yenye chumvi, na dawa yake inauzwa na Loishiye. Nusu ya Arusha ilikuwa imeoga kwa koili ile moja.

Sumari alimpeleka bafuni huku akisimulia mateso. Hita ilikuwa moja kwa wapangaji wote wawili. Fundi wa kwanza wa Mzee Nathanaeli, mwenye nyumba, alikuwa mpwa wake. Aliziba tangi kwa gundi, na maji yakatoka yananukia kandambili mpya. Wa pili aliunganisha nyaya hivi kwamba ukiwasha hita, taa ya sebuleni inazima na redio ya jirani inaanza kukoroma. Wa tatu alikuja, akaangalia, akasikitika, akaomba nauli.

"Na humu tuna mama mzazi," Sumari akaongeza, akishusha sauti.

Huyo alikuwa Namnyaki wa upande wa kulia, mke wa Gadiel, dereva wa watalii ambaye msimu huu alikuwa Serengeti na simba wa watu wengine. Mtoto alizaliwa mdogo, na nesi alimwambia mama kwamba joto ndiyo dawa, akalirudia neno hilo mpaka Namnyaki akaogopa. Mama mkwe wake, Koko Resiato, koko kwa Kimaasai ikiwa ni bibi, alishuka kutoka Oldonyo Sambu kuja kumkanda na kumwogesha mjukuu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akipambana na mkaa tangu alfajiri, na mguu wake mmoja ulikuwa na bandeji, kwa kuwa juzi sufuria ilimponyoka.

Loishiye alisikitika kwa sauti. Kisha akaomba simu aongee na mwenye nyumba, kule Makumira.

"Mzee, shikamoo. Ni koili. Inatakiwa ya Kijerumani, na bei yake kwa sasa ni kama mtamba mwenye mimba."

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu anayewaona ng'ombe wake wakitoka zizini. "Basi walipe wao wanaooga," alisema Mzee Nathanaeli, akiamini wapangaji ndio waliomwita fundi, akakata.

Wakalipa wao. Gadiel alituma nusu kwa simu kutoka porini, nusu nyingine ikaahidiwa baada ya sevisi. Profesa akaingia kazini, na muda si mrefu bafu likajaa mvuke. Sumari alitia mkono chini ya bomba, akauacha humo, akasema hataki kuongea na mtu.

Koko Resiato alikuja kuona. Alimsalimia fundi kwa Kimaasai, salamu ndefu yenye habari za watoto na ng'ombe. Loishiye, mzaliwa wa mjini ambaye hakuwa na chochote cha Kimaasai isipokuwa jina, alitabasamu akajibu, "Amina."

Bibi akamtazama. "Jina lako ni la kwetu. Wewe wa ukoo gani?"

"Mollel, koko," alijibu haraka. Alichagua Mollel kwa sababu ndiyo salama. Arusha ukiona foleni haina Mollel ujue foleni yenyewe haijaanza.

"Mollel." Koko alilitafuna neno hilo polepole. "Na huyu mke wetu ni Mollel. Kumbe wewe ni kaka yake. Wewe ni mjomba wa mtoto."

"Mjomba kabisa," alisema Loishiye, na moyo wake ukachekelea. Fundi huulizwa anakwenda wapi. Mjomba anaingia mpaka bafuni.

Loishiye alipoondoka, Namnyaki aliuliza kutoka kitandani, "Koko, mbona mimi ni Laizer?"

"Najua."

"Sasa?"

"Nimemwuliza habari za ng'ombe, akaniambia Amina. Mtu wa namna hiyo amesema atarudi na spana zake. Akirudi kama mgeni sitamweza. Ndugu unamwamrisha."

Alhamisi mjomba alirudi, na alikuwa na haraka. Profesa alishaahidiwa kwa mama mmoja wa Njiro, Maria, mwenye nyumba ya kulala wageni. Maria alikuwa amelipa kianzio, alikuwa na wageni wa Jumamosi jioni, na alikuwa na kaka watatu wanaobeba magunia sokoni. Loishiye hakutaka kuwafahamu.

Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni.

"Mikono mitupu, mjomba?"

"Nimebeba spana, koko."

"Mjomba anaingia kwa mama mzazi bila mafuta ya kondoo? Huko kwenu mmeacha?"

"Hatujaacha," alisema Loishiye. "Nimeyasahau kwenye bodaboda."

Akapanda bodaboda mpaka soko la Kilombero, akanunua mafuta ya kondoo kwa bei ya mtu mwenye haraka, akarudi. Desturi hiyo ni ya kweli na ni ya zamani. Zilizofuata, kwa kadiri ya ufahamu wa msimulizi, zilizaliwa asubuhi ile ile juu ya kigoda.

"Sasa lete vyuma," alisema Koko. "Chuma hakiingii anapolala mtoto mchanga mpaka kipakwe. Kinamshtua."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo," alisema Loishiye. Angesema nini tena? Mtu aliyeuvaa ukoo hawezi kuanza kuuliza maana ya vifungo vyake. Akatazama bibi akipaka mafuta spana moja baada ya nyingine, na bisibisi, na koleo, kisha akamwomba viganja vyote viwili, akavipaka mpaka kwenye viwiko.

Kutoka bafuni zikasikika kelele za mtu anayepigana na samaki. Spana iliteleza, ikaanguka, ikaokotwa, ikateleza. Mwishowe ikasikika sauti ya chuma kukutana na kidevu. Loishiye alitoka ameushika uso.

"Sevisi imeisha?"

"Iko vizuri sana, koko," alisema kwa uchungu. "Imekaza."

Ijumaa alirudi na spana mpya kavu, ameificha ndani ya buti, akichechemea. Koko alikuwa pale pale.

"Mjomba, umesahau tena? Kitu kilichomchemshia mtoto maji hakiguswi mpaka mtoto aote meno."

Loishiye aliweka begi chini. "Meno?"

"Mawili."

"Ndiyo. Mawili. Hata kwetu," alisema, akageuka na buti lake.

Akabaki na njia moja. Alimpigia simu Mzee Nathanaeli, akamwambia kwamba wapangaji wamekataa sevisi, kwamba hita imevimba, kwamba ikipasuka itaondoka na paa. Kuhusu wapangaji Mzee Nathanaeli hakusema kitu. Kuhusu paa alisema anakuja.

Alifika Jumamosi mchana na koti lake la kanisani. Jumuiya ya mtaa ilikuwa imetoka kumwombea mama na mtoto, na watu walikuwa wamejaa uani na vikombe vya chai. Namnyaki alisimama mlangoni, mtoto kifuani amefunikwa khanga mbili. Loishiye alisimama karibu na bafu na begi lake wazi.

Mzee Nathanaeli aliingia, akafungua bomba, akatia mkono, akautoa haraka. Akautazama ule mkono mwekundu, na uso wake ukabadilika taratibu, mpaka ukawa wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kumbe maji yanachemka namna hii," alisema alipotoka. "Nyumba yenye maji ya moto, Kimandolu, si ya kodi hii. Kuanzia mwezi ujao tutaongea lugha nyingine."

Namnyaki alijua mshahara wa Gadiel unafika wapi na unaishia wapi. Kodi ikipanda wangehama, na kuhama na mtoto yule katika baridi ile kulimtisha kuliko kitu chochote tangu alipojifungua. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Koko Resiato aliinuka kwenye kigoda.

"Sawa, baba. Nyumba ni yako. Tangi ni lako, na gundi aliyoweka mpwa wako bado ipo, tumekutunzia. Lakini koili ni ya mjomba wa mtoto. Ukipandisha kodi, mjomba anaifungua sasa hivi, anaondoka nayo. Wewe utaweka ya kwako."

Mioyo mingi ilisimama pale uani. Wa Loishiye uliruka. Aliisikia njia ya Njiro ikifunguka mbele yake, akashika spana kavu, na kwa mara ya kwanza maishani akamtakia mwenye nyumba tamaa kwa dhati ya roho.

"Mzee, haki yako hiyo," alimwambia. "Pandisha tu. Mimi nafungua, dakika moja."

"Koili mpya dukani ni shilingi ngapi?" aliuliza Mzee Nathanaeli.

"Bei ya soda, mzee."

"Wewe si ndiye uliyeniambia mtamba?"

"Zimeshuka."

"Mwenye mimba, ulisema."

"Zimeshuka sana, mzee."

Mzee Nathanaeli alimtazama Loishiye, akatazama lile begi, akamtazama tena. Ndani yake tamaa na ubahili vilikamatana, na waliomfahamu walijua nani angeshinda, maana ubahili ulianza kukaa humo mapema zaidi.

"Kodi ibaki ilivyo," alisema. "Na hiyo koili mtu asiiguse."

"Mzee, fikiria kidogo," alinong'ona Loishiye.

"Nimefikiria."

Koko hakumpa nafasi. Alimgeukia mwenyekiti wa jumuiya, akasema kwamba kabla watu hawajatawanyika ni vizuri wamtambue mjomba, ambaye amemzawadia mtoto koili ya Kijerumani yenye bei ya mtamba, na ile nusu ya malipo iliyobaki ameisamehe.

"Nimeisamehe?" aliuliza Loishiye.

"Amina," alisema Koko.

"Amina," ikaitikia jumuiya nzima, na makofi yakapigwa, matatu ya pamoja. Akina mama wakamshika mkono mmoja mmoja. Sumari, mwenye taulo begani, alimkumbatia mara mbili. Namnyaki alikuja wa mwisho. Yeye alijua kila kitu, lakini maji yalikuwa ya moto na mtoto alikuwa amenyamaza, na alijikuta anamshukuru kweli. Akamshikisha mtoto. Loishiye alimpokea kwa viganja ambavyo bado vilinukia kondoo, akasimama naye wima bila kujua la kufanya, mpaka Koko alipomwambia kwamba mjomba anaruhusiwa kukaa.

Hakukaa. Simu ilikuwa inalia mfukoni. Alimrudisha mtoto, akaaga, akatoka nje ya geti, akapokea.

"Injinia, wageni wako njiani," alisema Maria wa Njiro. "Na kaka zangu wako hapa wanakunywa chai. Uko wapi?"

Loishiye alihesabu kichwani duka gani la vifaa lilikuwa bado wazi, na kama kilichobaki mfukoni baada ya mafuta ya kondoo na bodaboda kingetosha.

"Nakuja, dada," alisema. "Nakuletea koili mpya kabisa, ya dukani."

Lilikuwa neno la kweli, la kwanza kuwahi kupita kwenye simu ile, na lilimuuma mpaka Njiro.